Nani Anashika Kamba

Alhamisi ya mwisho wa Julai, Kibaigwa.
Tulifagia ghala la ushirika, tukaazima viti themanini kwa Waanglikana,
bango tukalitundika, likakataa kunyooka:
MHADHARA WA WAZI: DUNIA NA SISI.
Upepo uliingia na vumbi la pumba, ukakaa mstari wa mbele.

Dokta Bitegeko alishuka garini na koti la sufu.
Miaka thelathini amesomea ugomvi wa watu wengine.
Kazi yangu ilikuwa kusimama kushoto kwake
na kuyageuza maneno yake yawe Kigogo
kwa ajili ya kina mama wasiotaka kusikia nusunusu.
Malipo: elfu kumi na tano, na soda.

"Mbukwenyi," nilianza.
Hapo palikuwa rahisi.

Akasema mlango-bahari.
Nikasema: njia nyembamba ya maji, kama lango la zizi;
ng'ombe mmoja akilala hapo, wote wanakesha nje.
Akasema vikwazo.
Nikasema: kumnyima jirani moto ili mkewe amgombeze.
Wakacheka.
Dokta akanitazama, maana hakuwa amesema kichekesho.
Akasema mizani ya nguvu.
Neno hilo tunalo, nikaliacha lilivyo,
na madalali wa mahindi waliosimama mlangoni
wakaanza kuchunguza viatu vyao.

Nje roli la Kigali lilikuwa likipakia.
Vibarua walihesabu magunia kwa sauti,
na hesabu yao ikajipenyeza katika hesabu yake ya wakimbizi:
laki mbili, *kumi na saba*,
laki tatu na ushee, *kumi na nane, shusha hilo limepasuka*,
hadi nikawa sijui nageuza ipi.

Kisha akasema: jumuiya ya kimataifa.

Nilitafuta. Kichwa kikalia kama debe tupu.
Themanini wananingoja, na yeye ananingoja,
na soda yangu inapata joto juu ya meza.
Nikasema:
wale wote wanaochota kisima kimoja.

Sechelela Chilongani alisimama bila kuitwa,
makapi ya mtama yamemganda nyweleni.
Huyu mwaka juzi aliuza alizeti kwa bei ya majivu,
akaambiwa mafuta ya meli yameshafika, ya kwake ya nini.
"Muulize," akasema.
"Kama kisima ni kimoja,
kamba anashika nani?"

Nikaligeuza swali.
Dokta akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti,
akaivaa, akaivua tena.
"Mwambie," akasema,
halafu hakusema la kumwambia.
Akatoa daftari, akaandika.

"Kafanya nini?" mama akauliza.
"Kaandika."
"Kaandika jibu?"
"Kaandika swali lako."
Akaketi taratibu, akajifunika kanga mabegani.
"Basi leo na sisi tumefundisha."

Watu walipiga makofi. Sijui walimpigia nani.

Wiki tatu baadaye nilipita kwake, yuko uani anapura,
redio imening'inia kwenye mti wa uzio,
na humo redioni ni yeye, Dokta, sauti yake ile ya kupimwa:
"Kama wasemavyo wahenga wa Ugogo,
kisima kikiwa kimoja, uliza nani anashika kamba."
Mtangazaji akaguna kwa heshima.

Sechelela akasimamisha mchi hewani.
"Wahenga? Mimi?
Mbona jembe langu bado lina mpini!"
Akacheka mpaka akakohoa,
kisha kicheko kikakatika, akaniuliza
redioni wanalipa kiasi gani kwa maneno kama hayo.
Nikasema sijui.
Akaniuliza yale ya meli yamefikia wapi.
Nikasema hayo pia sijui.

Viti tulirudisha sabini na tisa.
Mchungaji alihesabu mara mbili, kwa upole,
na elfu kumi na tano yangu ikaishia hapo.
Soda niliinywa.